Maisha ya Bwana Gauss, Bingwa wa Hesabu

Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumekwisha soma habari za wafalme, za wasafiri na za watu waliopigania nchi zao. Muhula huu nimeona yafaa niwaletee habari za mtu ambaye hakushika upanga wala hakutawala hata kijiji kimoja. Yeye alishika kalamu na karatasi, na jina lake lingali likitajwa kila mahali panapofundishwa hesabu. Mtu huyo ni Carl Friedrich Gauss, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1777 na kufa mwaka 1855.

Nimemchagua kwa sababu moja. Wengi wetu darasani, tukiona x na y, kalamu hukimbia kabla ya akili. Bwana Gauss alikuwa na desturi nyingine. Kwanza alijiuliza kama habari alizo nazo zatosha kuleta jibu, na ikiwa zimezidi, alijiuliza zile za ziada zina kazi gani. Yapo maswali ya mtihani ya namna hiyo, ambayo hayataki jibu lenyewe, bali yataka mtu aseme kama habari alizopewa zatosha au hazitoshi. Wenzangu wengi huyaona kama mzaha. Natumaini maisha ya mtu huyu yataonyesha kwamba si mzaha hata kidogo.

Gauss alizaliwa katika mji wa Braunschweig. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za mikono: mara mwashi, mara mtunza bustani, mara mchinjaji. Mama yake, Dorothea, alikuwa mtumishi wa nyumbani kabla ya kuolewa, na elimu ya kuandika hakuipata. Kwa hiyo hakuiandika siku aliyomzaa mwanawe. Alichokumbuka ni kwamba ilikuwa Jumatano, siku nane kabla ya sikukuu ya Wakristo ya Kupaa.

Sikukuu hiyo hufuata Pasaka kwa siku 39, na Pasaka yenyewe huhama kila mwaka kwa kufuata mwezi. Gauss alipokuwa kijana alitunga njia ya kukokotoa tarehe ya Pasaka ya mwaka wo wote, akaichapisha mwaka 1800. Kwa njia hiyo twaona kwamba Pasaka ya mwaka 1777 ilikuwa tarehe 30 Machi. Basi Kupaa ilikuwa tarehe 8 Mei, na siku nane kabla yake ni tarehe 30 Aprili. Angalieni vizuri hapa. Mwaka, sikukuu, na zile siku nane vilitosha kutoa jibu. Neno la Jumatano lilikuwa la ziada, lakini halikuwa bure: tarehe 30 Aprili mwaka huo ilikuwa Jumatano kweli, na hivyo neno hilo likawa shahidi kwamba kumbukumbu ya mama haikukosea.

Kwetu Matambarale wako wazee wengi wa hali hiyo. Kijiji chetu ki katika wilaya ya Ruangwa, ambayo zamani ilihesabiwa pamoja na Nachingwea, na bibi yangu mzaa baba alizaliwa huko huko. Alipotakiwa kutaja tarehe yake ya kuzaliwa ili apate kitambulisho, alisema neno moja tu, kwamba alizaliwa Jumatatu ya kwanza baada ya Idi. Habari hiyo haikutosha, maana hakutaja mwaka, na kila mwaka una Idi mbili. Tulikwenda kwa dada yake mkubwa. Yeye akakumbuka kwamba ulikuwa mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, yaani 1961. Sasa tulibaki na siku mbili, na bado haikutosha. Ndipo bibi akakumbuka kwamba mama yake alizoea kumsimulia habari za mbuzi aliyechinjwa siku chache kabla ya uchungu kumshika. Basi ilikuwa Idi ya kuchinja. Idi hiyo mwaka 1961 iliangukia tarehe 25 Mei, siku ya Alhamisi, na hata kama mwezi ulionekana siku moja mbele au nyuma, Jumatatu ya kwanza baada yake ni ile ile ya tarehe 29 Mei. Bibi yangu alipata siku yake ya kuzaliwa akiwa na wajukuu kumi na moja.

Narudi kwa Gauss. Husimuliwa kwamba alipokuwa shule ndogo, mwalimu wake, Bwana Büttner, aliwapa watoto kazi ya kujumlisha namba nyingi zinazofuatana, na hadithi husema zilikuwa 1 mpaka 100. Wenziwe wakaanza kujumlisha moja moja. Gauss akaona kwamba 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, na kuendelea hivyo, jozi 50 zote. Akaandika 5,050, akaweka kibao chake mezani. Mwalimu msaidizi, kijana aliyeitwa Bartels, akamwona kuwa si mtoto wa kawaida, akawa akisoma naye vitabu vya hesabu. Habari zake zikafika kwa mtawala wa Braunschweig, ambaye alikubali kumlipia masomo. Tusisahau kwamba baba yake hakuwa na fedha za kumsomesha. Lau si mwalimu aliyetazama na mtawala aliyelipa, huenda Gauss angalikuwa mwashi kama baba yake.

Mwaka 1795 alikwenda chuo kikuu cha Göttingen. Wakati huo alikuwa hajaamua bado kama atasoma lugha za kale au hesabu. Tarehe 30 Machi 1796, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, jambo ambalo Wayunani wa kale hawakulijua. Siku hiyo akaamua kushika hesabu. Mwaka 1799 akapata shahada ya udaktari, na mwaka 1801 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya tabia za namba.

Mwaka huo huo wa 1801 likatokea jambo lililompa sifa Ulaya nzima. Tarehe 1 Januari, mtaalamu wa falaki aitwaye Giuseppe Piazzi, katika mji wa Palermo, kisiwa cha Sicily, aliona nyota ndogo iliyokuwa ikihama mahali pake kila usiku. Aliifuata mpaka tarehe 11 Februari, kisha akaugua, na nyota yenyewe ikaingia katika mwangaza wa jua. Alikuwa ameiona kwa siku 41 tu, na katika siku hizo ilikuwa imepita nyuzi chache tu za mzunguko wa mbingu. Wataalamu wakaitafuta wasiione. Walipewa jina lake, Ceres, lakini mwenye jina amepotea.

Gauss, kijana wa miaka 24, hakuwa na darubini kubwa. Alikuwa na vipimo vya Piazzi vilivyochapishwa. Akajiuliza swali lake: Je, hivi vyatosha? Ili kuijua njia ya nyota izungukayo jua, yatakiwa mambo sita: ukubwa wa njia, kadiri ilivyobonyea, mambo matatu ya kuonyesha imelala upande gani, na mahali nyota ilipokuwa wakati fulani. Namba sita zisizojulikana. Na kila mtu atazamapo nyota hupata namba mbili tu, ya kwenda upande na ya kwenda juu. Umbali wake haupimiki kwa macho. Basi mara tatu za kutazama hutoa namba sita. Mara mbili hazitoshi, mara tatu zaweza kutosha, na zaidi ya hapo ni mashahidi.

Milinganyo yake haikuwa myepesi kama ya Kidato cha Pili, na ilimtaka atunge njia mpya kabisa. Lakini alipomaliza, alionyesha mahali pa kuitafuta nyota hiyo, mbali na pale walipokuwa wakidhania wengine. Mwishoni mwa Desemba 1801 Bwana von Zach akaiona karibu na pale pale aliposema Gauss, na usiku wa tarehe 1 Januari 1802 Bwana Olbers akaiona pia. Ilikuwa imetimia mwaka mmoja kamili tangu Piazzi alipoiona mara ya kwanza.

Baada ya Ceres iligunduliwa nyota nyingine ya namna hiyo, Pallas. Katika kazi yake juu ya Pallas, iliyochapishwa mwaka 1810, Gauss alifika kwenye milinganyo sita ya mstari yenye namba sita zisizojulikana, akaifumbua kwa kuondoa namba moja baada ya moja mpaka ikabaki moja tu. Njia hiyo leo huitwa kwa jina lake. Lakini haki ni haki: Wachina walikuwa wakiitumia miaka ipatayo 2,000 kabla ya sisi kuja duniani, nayo imo katika kitabu chao cha kale cha hesabu.

Hapa naomba nisimame kidogo, nionyeshe kazi hii kwa mazao yetu. Msimu mmoja alikuja kijijini kwetu mnunuzi wa kangomba. Aliwakuta watu watatu wenye shida ya fedha, akachukua ufuta na mbaazi zao kwa mkupuo, akampa kila mmoja fungu moja la fedha bila kutaja bei ya kilo. Alisema tu kwamba bei ni moja kwa wote. Mtu wa kwanza alitoa ufuta kilo 40 na mbaazi kilo 60, akapewa shilingi 210,000. Wa pili alitoa ufuta kilo 80 na mbaazi kilo 120, akapewa shilingi 400,000. Wa tatu alitoa ufuta kilo 50 na mbaazi kilo 30, akapewa shilingi 195,000. Jioni wakakaa barazani, kila mtu akitaka kujua ameuza kwa bei gani.

Habari za mtu wa kwanza peke yake hazitoshi. Bei zinazotimiza fungu lake ni nyingi mno: huenda ufuta ni shilingi 3,000 na mbaazi 1,500, na huenda ufuta ni 2,400 na mbaazi 1,900. Je, tukiongeza habari za mtu wa pili? Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema kwamba milinganyo miwili na namba mbili hutosha. Lakini 80 ni mara mbili ya 40, na 120 ni mara mbili ya 60. Mtu wa pili ametoa mzigo ule ule mara mbili, hivyo hawezi kutuambia jambo jipya juu ya bei. Ili kupima haraka, zidisha kwa kukatiza: 40 mara 120 ni 4,800, na 60 mara 80 ni 4,800. Zikiwa sawa, milinganyo hiyo miwili haileti jibu moja.

Sasa chukua wa kwanza na wa tatu. 40 mara 30 ni 1,200, na 60 mara 50 ni 3,000. Hazilingani, basi zatosha. Ongeza mara mbili habari za mtu wa tatu: ufuta kilo 100 na mbaazi kilo 60 ni shilingi 390,000. Toa za mtu wa kwanza: mbaazi zinakwisha, zinabaki kilo 60 za ufuta kwa shilingi 180,000. Ufuta ni shilingi 3,000 kwa kilo, na mbaazi ni shilingi 1,500.

Na yule wa pili, ambaye habari zake hazikusaidia kupata bei? Yeye ndiye aliyefunua dhuluma. Kwa kuwa mzigo wake ni mara mbili ya mzigo wa kwanza, alistahili shilingi 420,000. Alipewa 400,000. Alipunjwa shilingi 20,000, na jambo hilo lilijulikana hata kabla ya kujua bei ya kilo moja. Hilo nalo ni fundisho: yako maswali ambayo mlinganyo mmoja hautoshi, na yako mengine ambayo mmoja watosha, kwa kutegemea kinachoulizwa. Tangu siku ile watu wa mtaa wetu huuliza bei ya kila zao mbali mbali, na kuiandika, kabla ya gunia kuondoka mlangoni.

Turudi Ujerumani. Mwaka 1807 Gauss alifanywa mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota huko Göttingen, akakaa huko mpaka mwisho wa maisha yake. Miaka hiyo ilikuwa ya huzuni. Mfadhili wake, mtawala wa Braunschweig, alikuwa amekufa mwaka 1806 kwa majeraha ya vita dhidi ya Wafaransa. Mke wake mpendwa, Johanna, alifariki Oktoba 1809 baada ya kujifungua, na mtoto aliyezaliwa akamfuata mwaka uliofuata. Alioa tena, naye mke wa pili, Minna, aliugua muda mrefu akafa mwaka 1831. Mama yake mzee aliishi naye nyumbani kwake miaka mingi mpaka alipokufa mwaka 1839, akiwa amepita miaka 90. Mtu huyu ambaye watu humdhania kuwa alikaa na namba tu, alizika wengi.

Kuanzia mwaka 1818 alipewa kazi ya kupima nchi ya Hanover. Kati ya mwaka 1821 na 1825 alitoka yeye mwenyewe, akipanda vilima na minara, akilala katika nyumba mbaya, akipima pembe kutoka kilima mpaka kilima. Alibuni chombo chenye kioo cha kuelekeza mwanga wa jua, ili mtu aliye mbali sana aonekane kama nyota mchana. Pembetatu yake moja iliyojulikana sana ilikuwa na pembe zake juu ya milima ya Hohenhagen, Brocken na Inselsberg, na upande wake mrefu ulipita kilometa 100.

Kila mwanafunzi ajua kwamba ukiwa na pembe mbili za pembetatu, ya tatu waipata bila kuipima, kwa kuwa zote tatu ni nyuzi 180. Lakini wapimaji huipima ya tatu vile vile. Hapo jumla hutoka pungufu kidogo au zaidi kidogo, maana mkono wa mtu na chombo chake havikosi kosa. Vipimo vikizidi hugombana. Mtu mvivu angechagua vile vinavyompendeza na kuvitupa vingine. Gauss alisema kwa kazi yake kwamba vyote vina haki ya kusikilizwa. Njia yake ni kutafuta jibu ambalo, ukichukua makosa yaliyobaki, ukayazidisha kila moja kwa lenyewe, na kuyajumlisha, jumla iwe ndogo kuliko ya jibu jingine lo lote. Njia hii ilichapishwa kwanza na Mfaransa Legendre mwaka 1805. Gauss aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1809, akidai kwamba alikuwa akiitumia tangu mwaka 1795, nao wawili hawakupatana juu ya jambo hilo. Ndiyo faida ya kuandika mapema.

Sisi wa kusini hatuhitaji kwenda mbali kuona hasara ya kutojiuliza kama habari zatosha. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe mdogo kutazama mahali pa kulima karanga katika Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukashauri yalimwe mashamba ya ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ikaanzishwa huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yapo mambo mawili yaliyotakiwa kujulikana kwanza, nayo ni mvua ya miaka mingi na tabia ya udongo. Habari za kutosha za hayo hazikuwapo. Huko Kongwa mvua ilikosa na udongo ukakauka kama saruji. Misitu ya Nachingwea ilifyekwa kwa matrekta makubwa, reli ikajengwa kutoka pwani, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Mitambo ilikuwapo, fedha zilikuwapo, na watu wa kazi walikuwapo. Kilichokosekana ni milinganyo ya kutosha.

Katika miaka ya baadaye Gauss alishirikiana na mwenzake Wilhelm Weber katika elimu ya sumaku, na mwaka 1833 walitandaza waya juu ya mapaa ya Göttingen, wakapelekeana habari kwa umeme. Alikuwa mtu wa kuchapisha machache. Kama mkulima wa mikorosho asiyeangua mabibo mabichi bali hungoja yaanguke yenyewe, ndivyo alivyongoja kazi yake iive. Mengi yalionekana katika daftari zake baada ya kufa. Alikufa usingizini huko Göttingen tarehe 23 Februari 1855, akiwa na miaka 77. Wajerumani walimheshimu hata wakaiweka sura yake katika noti yao ya mark 10, iliyotumika mpaka walipoanza kutumia fedha ya euro.

Ndugu zangu, mimi nayapenda maisha haya kwa sababu mwanzo wake wafanana na wetu: baba wa kazi za mikono na mama asiyeandika. Aliyapata mengine kwa mwalimu mwenye macho na kwa desturi moja aliyoishika mpaka uzeeni. Basi mwezi ujao tutakapofungua karatasi za mtihani, na tuhesabu kwanza mambo yasiyojulikana, kisha tuhesabu habari tulizopewa, kisha tutazame kama mojawapo ni mwangwi tu wa nyingine. Zikitosha, tukokotoe. Zisipotosha, tuandike bila woga kwamba hazitoshi, maana hilo nalo ni jibu, tena jibu kamili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu